Tuwapime wanafunzi wa karate kwa umbali waliotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwafikie wazazi, walimu na watahini wa karate kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka saba sasa. Mimi ni mwanamke wa miaka 51, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na ninafundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika ukumbi wa shule ya msingi kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi na nusu jioni. Nilifunga mkanda mweupe kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 29, baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, na pengine ndiyo sababu jambo hili ninaliona kutoka upande ambao wenzangu wengi, walioanza wakiwa wadogo na wepesi, hawakupata kulitazama. Ninachotaka kusema ni kwamba tunawapima wanafunzi wetu kwa kipimo kisicho chao. Tunawasimamisha mbele ya picha ya kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa ambao mwanafunzi huuonyesha peke yake, isiyo na kosa hata moja, tunahesabu kila mahali walipopungukiwa, kisha tunawarudisha nyumbani, ilhali kipimo cha haki cha mwanafunzi wa sanaa za mapigano ni pale alipokuwa yeye mwenyewe miezi mitatu au sita iliyopita.

Miaka saba iliyopita nilimpeleka mtihanini mtoto wa miaka 10 aliyekuwa na mkanda wa njano na aliyetarajia kupanda hadi mkanda wa rangi ya machungwa. Alikuwa amefika kwangu mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mtoto asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, na ambaye alipoambiwa atoe sauti ya kiai, ule ukelele wa karate unaoandamana na pigo, alijifunika mdomo kwa kiganja. Kata aliyotakiwa kuonyesha ni Gekisai Dai Ichi, ambayo hatua yake ya kwanza humtaka mtu ageukie kushoto na kukinga juu kwa mkono wa kushoto. Mtoto yule, mbele ya meza ya watahini na viti vilivyojaa wazazi, aligeukia kulia. Alisimama kwa muda wa pumzi mbili, akalitambua kosa lake bila kuambiwa na mtu, akarudi katikati, akainama, akaanza upya na kuimaliza kata yote hadi ngumi mbili za pamoja zinazoifunga, mkao wake ukiwa umetulia kuliko nilivyowahi kumwona siku yoyote ya mazoezi. Mtahini mkuu, ambaye sitamtaja wala sitaitaja klabu yake, alimwambia mbele ya watu wote kwamba kata iliyokosewa si kata, na kwamba arudi siku atakapokuwa ameikamilisha. Mtoto aliinama kwa heshima kama nilivyomfundisha, akaenda kwenye benchi, akaufungua mkanda wake wa njano, akaukunja, akauweka pale na kutoka na mama yake. Hakuonekana tena ukumbini.

Simlaumu mtahini yule peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa nimeketi hatua chache kutoka mezani na nilinyamaza. Wakati ule niliamini, kama nilivyofundishwa, kwamba ukali wa namna ile ndio unaolinda heshima ya karate. Ni baadaye, nilipokuwa nikilifikiria tukio lile usiku baada ya usiku, nilipotambua kwamba mtoto yule alikuwa ametuonyesha kitu ambacho hakikuandikwa katika karatasi ya alama lakini ndicho kiini cha kile tunachodai kufundisha. Hakuna mtu anayevamiwa njiani ambaye mambo humwendea kama alivyofanya mazoezi. Atateleza, atakinga upande usio wake, atapigwa pigo la kwanza kabla hajajua linatoka wapi, na kitakachomwokoa ni uwezo wa kulitambua kosa, kurudisha mizani na kuendelea. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kosa moja hufuta yote atasimama kosa hilo litakapotokea. Mtoto wa miaka 10 alikosea, akajisahihisha na kuendelea mbele ya watu mia, na sisi watu wazima tuliojifunga mikanda myeusi tukamwambia kwamba hakuna alichofanya.

Inafaa tukumbuke mikanda hii ilitoka wapi, kwa kuwa wengi wetu tunaitendea kama kwamba ilishuka pamoja na karate yenyewe. Utaratibu wa madaraja ya dani, yaani ngazi za mkanda mweusi, uliingizwa katika sanaa za mapigano na Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliyefungua shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882 na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza. Wazo lenyewe lilikuwa likitumika tayari katika mchezo wa ubaoni wa Kijapani uitwao go. Karate ililipokea baadaye sana, Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeieneza karate Tokyo, alipotoa dani za kwanza mwezi Aprili mwaka 1924. Rangi nyingi tulizo nazo leo kati ya mkanda mweupe na mweusi zilipata nguvu Ulaya, na anayetajwa sana ni Mikinosuke Kawaishi, aliyefundisha judo Paris kuanzia miaka ya 1930 na kuona kwamba wanafunzi wake walidumu katika mazoezi zaidi walipoweza kuiona hatua yao kwa macho. Maana yake ni kwamba rangi ziliwekwa ili safari ndefu ikatwe vipande vifupi na mtu aone kuwa amesogea. Sisi tumezigeuza kuwa malango yenye mabawabu. Hata mkanda mweusi wenyewe, ambao mzazi wa Kitanzania huuona kuwa ndio mwisho wa safari, jina la daraja lake la kwanza ni shodan, na kwa Kijapani neno hilo lina maana ya hatua ya kuanzia. Waliouweka utaratibu huu walimwambia mtu kwamba baada ya miaka yote ile sasa yuko tayari kuanza kujifunza.

Napenda pia kuwakumbusha wenzangu kilichotokea katika ukumbi wa Nippon Budokan mwaka 2021, wakati wa michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 iliyoahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ambapo karate ilishindaniwa kwa mara ya kwanza. Kata ilipewa alama na waamuzi saba, alama za juu na za chini kabisa zikaondolewa, na kiwango cha juu ambacho mtu angeweza kukipata kilikuwa 30. Ryo Kiyuna, mzaliwa wa Okinawa, kisiwa kilichoizaa karate, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia mara kadhaa, alipata 28.72 katika fainali na kutwaa dhahabu. Kwa upande wa wanawake Sandra Sánchez wa Hispania alishinda kwa 28.06 dhidi ya 27.88 za Kiyou Shimizu wa Japani. Hakuna aliyepata 30. Wale ndio watu ambao video zao wanafunzi wetu huzitazama kwenye simu usiku na kuja kesho yake wamevunjika moyo kwamba mguu wao haufiki pale, na hata wao, katika siku bora ya maisha yao, walibakiwa na nafasi ya kusogea. Ninaongeza kwamba Sánchez alikuwa na miaka 39 siku ile, umri ambao wengi hapa kwetu huambiwa kwamba michezo imewapita. Mtahini anayemdai mtoto wa mkanda wa njano katika ukumbi wa Tanga ukamilifu ambao haukupatikana Budokan inafaa ajiulize ameutoa wapi.

Mwezi Oktoba mwaka 1908 mwalimu wa Okinawa aitwaye Anko Itosu aliandika barua ya nukta kumi kuwashawishi wakubwa wa serikali ya Japani kwamba karate inafaa kufundishwa shuleni. Katika nukta mojawapo alieleza kwamba karate haishikiki haraka, akaifananisha na fahali anayekwenda polepole lakini ambaye hatimaye humaliza mwendo mrefu sana, na akasema kwamba mtu atakayefanya mazoezi kwa bidii saa moja au mbili kila siku ataona mwili wake umebadilika kabisa baada ya miaka mitatu au minne. Nimeisoma nukta ile mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba Itosu, akiwaandikia wakubwa ambao bila shaka walitaka matokeo, hakuwaahidi ubingwa wala ukamilifu. Aliahidi mabadiliko ya mwili kwa mtu atakayefika kila siku. Sisi Waswahili tunasema kamba hukata jiwe, na yeyote aliyewahi kuchungulia kisima cha zamani akaona mifereji iliyochimbwa na kamba kwenye ukingo anafahamu kwamba jiwe lile halikukatwa na kamba iliyovutwa vizuri kuliko zote siku moja.

Mtindo wetu wa Goju-ryu una ushahidi wake wa ndani kuhusu jambo hili. Kanryo Higaonna, aliyemfundisha Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo huu, husimuliwa kwamba aliwaweka wanafunzi wake katika kata moja ya Sanchin kwa miaka kadhaa kabla ya kuwafunulia nyingine. Wapo wanaokitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba wazee walidai ukamilifu. Mimi nimeifanya Sanchin kwa miaka 22, na naamini wanakisoma vibaya. Sanchin ni kata ya hatua chache tu, kwenda mbele polepole, kugeuka, kukinga, kupiga ngumi, na kazi yake kubwa iko katika pumzi na katika namna nyayo zinavyoishika sakafu. Mtu wa nje ataona kwamba ameimudu kwa wiki mbili. Mwalimu hamweki mwanafunzi humo kwa miaka kwa kusubiri siku ambayo hatakosea. Anamweka humo kwa sababu ni kata ambayo kila mwezi inaonyesha kitu kipya mwilini, leo bega linalopanda pasipo sababu, mwezi ujao goti linalolegea wakati wa kugeuka, mwaka ujao pumzi inayokatika ngumi ikikaribia kufika. Anayedhani ameikamilisha ameacha kuitazama. Na ni Miyagi huyohuyo, mrithi wa Higaonna, aliyetunga kata za Gekisai mnamo 1940 kwa ajili ya vijana na watu wanaoanza, kwa sababu kata za zamani zilikuwa nzito mno kuwa mlango wa kuingilia. Mwalimu mkubwa kiasi kile hakuona aibu kutengeneza ngazi yenye vipandio vifupi. Ninaumia ninapokumbuka kwamba kata tuliyotumia kumfukuza mtoto yule ni kata iliyotungwa ili watoto waingie.

Kuna kifaa kimoja cha mazoezi kutoka Okinawa ambacho ningependa kila mzazi akione. Ni mitungi miwili ya udongo yenye ukingo uliochomoza, ambayo mwanafunzi huishika kwa ncha za vidole na kutembea nayo hatua kwa hatua akiwa katika mkao wa Sanchin. Mwanzoni mitungi huwa mitupu. Vidole vikizoea, mwalimu hutia mchanga kidogo, na baada ya majuma huongeza mwingine. Sisi hapa hatuna mitungi ile, kwa hiyo tunatumia makopo matupu ya rangi ya lita nne, na mchanga tunauchota pwani. Ubao wa kupigia ngumi tumeuzungushia kamba ya mkonge badala ya kamba ya majani ya mpunga, maana mkonge ndio Tanga iliojaliwa. Kila mwanafunzi mkubwa ana makopo yake yenye alama ya kalamu kwa ndani kuonyesha mchanga ulifika wapi mwezi uliopita. Hakuna anayeuliza kopo kamilifu lina uzito gani, kwa kuwa swali hilo halina maana. Linaloulizwa ni kama alama imepanda. Natamani kata, mapigano ya mazoezi na mitihani yetu yote viendeshwe kwa moyo ule wa makopo.

Nilianza kwa kubadilisha ufundishaji wangu mwenyewe kabla ya kumnyooshea kidole mtu mwingine. Nilikuwa mwalimu wa kusimamisha. Mwanafunzi akianza kata, namkatiza kwenye hatua ya pili kwa sababu ya kisigino, kwenye ya tatu kwa sababu ya kiwiko, kwenye ya nne kwa sababu ya macho, na jioni inakwisha mtoto hajawahi kuifikisha kata mwisho hata mara moja. Nilidhani ninampa vingi. Ukweli ni kwamba mtoto anayeambiwa makosa matano kwa pamoja halirekebishi hata moja, kwani akili yake inahangaika huku na huku kama kuku aliyefungiwa uani, na mwili, ambao hujifunza polepole kuliko masikio, hauna nafasi ya kushika chochote. Sasa ninamwacha aifikishe kata mwisho, kisha ninachagua jambo moja tu, lile ambalo likinyooka litayavuta mengine, na hilo ndilo tunalolifanyia kazi kwa wiki mbili. Mara nyingi ni mkao. Nyonga zikikaa mahali pake, kiwiko hurudi chenyewe bila kuguswa. Imeniwia vigumu kuvumilia kuyaona makosa mengine manne nikiyanyamazia, nakiri, lakini wanafunzi wangu wa miaka hii mitano wanasimama imara kuliko wale niliowasimamisha mara ishirini kwa jioni.

Tulianzisha pia daftari. Kila mwanafunzi ana daftari la kawaida la shule, na Alhamisi ya mwisho ya mwezi huandika, au huandikiwa na mkubwa wake kama bado hajajua kuandika vizuri, mambo mawili: kitu ambacho mwezi uliopita hakukiweza na sasa anakiweza, na kitu kimoja anachokishughulikia. Mtoto mmoja aliandika kwamba sasa anaweza kupigwa teke la mazoezi bila kufumba macho. Hilo halina alama katika mtihani wowote ninaoufahamu, na ni kubwa kuliko nusu ya mambo yenye alama.

Aliyenifundisha zaidi thamani ya daftari lile si mtoto. Ni mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuja kwetu akiwa na miaka 61 baada ya kushauriwa na daktari wake aupe mwili kazi. Alipoanza, alipotakiwa kukaa katika mkao wa shiko-dachi, yaani miguu imepanuliwa na mapaja yameshuka kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda kisichokuwepo, alidumu kwa muda wa kuhesabu hadi nane, akashika ukuta. Wiki iliyofuata tisa. Alikuwa akiandika namba hizo kwa mwandiko wa kiofisi, tarehe upande wa kushoto, na baada ya mwaka mmoja alikuwa akifika 60. Lakini jambo ambalo sikulitegemea lilikuja baadaye, alipokaribia miaka 65, goti la kulia liliposumbua na namba zikaanza kushuka. Niliogopa kwamba ataacha, kwa kuwa mtu aliyejipima kwa namba zinazopanda huona namba zinazoshuka kuwa hukumu. Yeye aligeuza ukurasa, akaanza kuandika kitu kingine: alikuwa anahesabu pumzi ngapi anavuta katika Sanchin nzima, na anajaribu kuzipunguza kwa kuzirefusha. Teke lake sasa halivuki kiuno, na hatalirudisha tena juu, lakini ninapotaka wanafunzi waone namna ya kuvuta pumzi kutoka chini ya kitovu, ninamwomba yeye asimame mbele. Anayefuata ukamilifu angekuwa ameshashindwa siku goti lilipouma. Anayefuata kusogea huendelea kupata mahali pa kusogea, kwa kuwa mwili wa binadamu una vyumba vingi na si vyote hufungwa siku moja.

Najua kuna watakaosema kwamba ninataka viwango vishushwe, na kwamba tayari tuna shida ya mikanda inayopatikana kwa ada badala ya jasho. Shida hiyo ipo, na inanikera kama inavyowakera wao. Nimekutana na kijana mwenye mkanda mweusi wa miaka miwili ambaye hakujua kuanguka bila kuumiza mkono. Ila naomba watazame mzizi wa jambo lenyewe. Mzazi hununua mkanda kwa sababu tumemfundisha kwamba mkanda ni kituo cha mwisho, kwamba aliyeufikia amekamilika na asiyeufikia hana kitu. Anayeuza mkanda na anayemdai mtoto kata isiyo na dosari wote wawili wanamwambia mwanafunzi kwamba cha maana ni kufika. Mahali ambapo mkanda huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya mazoezi yaliyokwisha kufanyika, kuununua hakuna faida, kama vile hakuna faida ya kununua daftari la mtu mwingine. Na kwa ugumu, nawahakikishia kwamba kusogea kila wiki kwa miaka kumi ni kugumu kuliko kujiandaa kwa mtihani mmoja kwa miezi miwili na kupumzika. Mwanafunzi wangu hapandi mkanda kama daftari lake linaonyesha kwamba hajasogea, hata kama kata yake inapendeza macho, na nimewahi kumzuia msichana mwenye kipaji kikubwa kuliko wote niliopata kuwafundisha kwa sababu hiyohiyo. Hakufurahi, lakini alirudi Jumanne iliyofuata, kwa kuwa alijua hasa ni kitu gani kilimzuia.

Liko eneo moja ambalo sikubali ndani yake neno "amejitahidi", na naomba nieleweke vizuri. Ngumi inayoelekea uso wa mwenzako katika mazoezi ya wawili lazima isimame pale ulipokubali itasimama, na mtu anayemwangusha mwenzake lazima aushike mkono wake asipige kichwa sakafuni. Hapo hakuna nusu. Mwanafunzi asiyeweza kuidhibiti ngumi yake hapewi mtu wa kusimama mbele yake, anapewa ubao na kamba ya mkonge mpaka mkono usikie. Hili ni suala la usalama wa mwili wa mwenzake, na mwenzake hakuja ukumbini kuwa uwanja wa mtu kukosea.

Kwa wazazi, nawasihi mlibadilishe swali. Swali ninaloulizwa mlangoni kuliko lolote ni kwamba mwanangu atapata lini mkanda mweusi, na mtoto huwa amesimama hapohapo anasikia. Mkifika nyumbani, mwambieni awaonyeshe kitu alichokishindwa mwezi uliopita. Atawaonyesha, na mtashangaa jinsi uso wake utakavyobadilika. Msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeanza siku moja naye, maana hata ndugu wawili wa tumbo moja hawana nyonga zinazofunguka sawa. Na mtoto akianguka mtihani, tafadhali msimwondoe wiki ileile. Mrudisheni angalau mara mbili zaidi, ili jambo la mwisho alilolikumbuka kuhusu ukumbi lisiwe meza ya watahini.

Kwa watahini wenzangu, kwa kuwa sasa na mimi hukaa upande ule wa meza, nina maombi ambayo si mazito. Mwalimu wa mwanafunzi aruhusiwe kusema kwa dakika moja mwanafunzi huyu alikuwa wapi alipofanya mtihani wa mwisho, kabla kata haijaanza. Anayekosea na kujirekebisha bila kuambiwa apewe alama kwa kujirekebisha huko, iandikwe kwenye karatasi kama tunavyoandika mkao na pumzi. Asiyefaulu aambiwe faraghani, si mbele ya viti, na aambiwe jambo moja la kufanyia kazi pamoja na tarehe ya kurudi, miezi miwili au mitatu, ili neno "bado" liwe na mwisho wake. Klabu chache za hapa mkoani tumekubaliana kujaribu utaratibu huu katika mtihani wetu ujao, na mtahini yeyote anayetaka kuona unavyokwenda anakaribishwa akae mezani pamoja nasi.

Mkanda wa njano wa mtoto yule ninao mpaka leo, uko kwenye kabati la ukumbi pamoja na makopo. Yeye sasa atakuwa na miaka 17, na mkanda ule haumfungi tena kiunoni, lakini nina mwingine mrefu wa rangi hiyohiyo. Kama yeye au mama yake ataisoma barua hii, naomba wajue kwamba nilipaswa kusimama siku ile na sikusimama, na kwamba ukumbi unafunguliwa saa kumi na nusu. Tutaanza na Gekisai, kwa kugeukia kushoto.

Mwalimu wa karate,
Makorora, Tanga